Misri kwa Kilatini: Aegyptus ina -us, mbona inachukuliwa kuwa ya kike?

#1 Mchokonozi
Wakuu, salaam. Najifunza Kilatini mwenyewe, huu mwaka wa pili. Sina darasa, nina vitabu na jamaa mmoja anayenisahihishia mazoezi. Juzi nilitaka kusema "Misri ya kale", nikaandika *Aegyptus antiquus*. Zoezi likarudi na mstari mwekundu: *Aegyptus antiqua*.

Kanuni ya kwanza niliyoishika katika lugha hii ni kwamba -a ni ya kike, -us ni ya kiume, na -um ni ile ya tatu, si ya kiume wala ya kike. *Italia antiqua* naielewa. *Hispania antiqua* naielewa. Lakini hii Misri ina -us waziwazi na bado inavishwa kivumishi cha kike. Nani aliamua kwamba nchi ni za kike? Na hizi nchi za leo ambazo Warumi hawakuwahi kuzisikia, majina yake yanapangwaje?

#2 Frateri_Mstaafu
Karibu sana kwenye Kilatini, ndugu. Seminari tulikaririshwa hivi: miji, nchi, visiwa na miti ni vya kike, usiulize kiishio. Sababu tuliyopewa ni kwamba nyuma ya kila jina la nchi kuna neno *terra*, yaani ardhi, nalo ni la kike. Halitamkwi, lakini kivumishi kinaliona.

Chukua Africa. Asili yake ni kivumishi: *terra Africa*, ardhi ya Waafri, watu waliokaa eneo la Karthago. *Terra* ikaangushwa, kivumishi kikabaki peke yake kama jina.

#3 Fundi_Maneno
Frateri, nakuheshimu, ila "nchi zote ni za kike" haisimami. Latium, Samnium, Noricum: zote zina -um na zote ni za jinsi ya tatu. Belgium vilevile, na hilo ni jina alilolitumia Yulio Kaisari, jemadari wa Kirumi, kwa sehemu ya nchi ya Wabelgae, karne nyingi kabla dola ya Ubelgiji ya 1830 haijakuwapo. Halafu Pontus, ile nchi ya pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, ni ya kiume. Hiyo *terra* iliyofichika ilikuwa wapi siku hiyo?

#4 Frateri_Mstaafu
#3 umenibana kwenye Latium, nakubali. Pontus sikubali. Hilo ni neno la Kigiriki lenye maana ya bahari, nalo ni la kiume huko kwao. Nchi imerithi jina la bahari pamoja na jinsia yake.

#5 Daktari_Miti
Nimevutwa na neno "miti" kwenye #2, maana ndiyo kazi yangu. Mkwaju unaitwa *Tamarindus indica*. Tazameni: -us halafu -a. Kila mwaka nina mwanafunzi anayeandika *Tamarindus indicus* akiamini anasahihisha kosa la kitabu. Ficus ni hivyohivyo: *Ficus religiosa*, *Ficus carica*. Mti ni wa kike hata ukivaa -us.

Mchokonozi, ukitaka kuzizoea jinsia tatu, majina ya sayansi ni darasa la bure, na mengi yana nchi ndani yake. Mamba: *Crocodylus niloticus*, kiume. Kahawa: *Coffea arabica*, kike. Ngogwe: *Solanum aethiopicum*, ya tatu. Nili, Uarabuni, Uhabeshi, kila moja imekatwa kiishio kulingana na anayetangulia.

#6 Mchokonozi
Asante Daktari. Hiyo ya mkwaju sitaisahau. Lakini bado nataka ushahidi kwamba Warumi wenyewe waliihesabu Misri hivyo, isije ikawa ni walimu wa sarufi waliotunga kanuni baadaye.

#7 Mtunza_Sarafu
Ushahidi upo, tena umepigwa kwenye fedha. Mwaka 30 KK Oktaviano aliiteka Misri. Mwaka 28 KK, kabla hajapewa jina la Augusto, ikatolewa dinari yenye picha ya mamba na maneno AEGVPTO CAPTA. Maana yake: "Misri ikiwa imetekwa".

Yaangalieni hayo maneno mawili taratibu. Yote yapo kwenye ablativu, umbo la neno ambalo hapa linabeba maana ya "ikiwa ime-". *Aegypto* inaishia na -o kwa sababu jina linanyambulika, yaani linabadili kiishio, kama maneno ya -us. *Capta* inaishia na -a kwa sababu linalosemwa ni la kike. Ingekuwa la kiume tungesoma *capto*. Mamba mmoja na maneno mawili, na swali lako lote limo.

Hiyo sarafu sinayo, nimeiona kwenye picha tu. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilikaa nayo jioni nzima.

#8 Mchokonozi
Mtunza, hapa umenimaliza. Naichapa, naibandika ukutani.

#9 Kinyonga
Mbona jibu mnalizunguka? Warumi waliona nchi kama mwanamke. Sarafu za mtawala wa Kirumi Vespasiano baada ya kuanguka kwa Yerusalemu zina mwanamke anayelia chini ya mtende, na maandishi IVDAEA CAPTA. Sarafu za safari za Hadriano, mtawala wa Kirumi wa baadaye, zinaonyesha Africa, Hispania na Misri, wote wanawake wameegama. Fikra ilitangulia, sarufi ikafuata.

#10 Bi_Sarufi
Kinyonga mwanangu, umelifunga gari mbele ya punda. Mchongaji akiambiwa achonge sura ya Hispania, anamchonga mwanamke kwa sababu neno ni la kike tayari. Mito walichonga wazee wenye ndevu, kwa sababu Nilus, Tiberis na Rhenus ni majina ya kiume. Picha ilikwenda ilikoelekezwa na lugha.

Na kwa Misri msiisahau njia iliyopita: Aegyptus ni Aigyptos ya Kigiriki, nayo Kigiriki ilikuwa ya kike na -os yake. Warumi walipokea mzigo kama ulivyofungwa. Cyprus pia imekuja hivyo.

#11 Frateri_Mstaafu
Sawa, Bi. Lakini Mgiriki naye aliipata wapi hiyo jinsia ya kike? Tunarudi kwenye neno la "ardhi" lililofichika, safari hii la Kigiriki.

#12 Kinyonga
😄 Bibi kanichapa mbele ya watu. Bado sijashawishika, ila nimenyamaza.

#13 Nahau
Wadau, mnaliona hili kwa Kilatini kama muujiza, na sisi tunalifanya kila siku. Ufaransa inaanza na U-. Ukifuata herufi ungesema "Ufaransa umeshinda". Lakini kila mtu anasema "Ufaransa *imeshinda*". Uingereza *imekubali*. Ujerumani *imetuma* wanajeshi. Ugiriki *ilikopa*. Kiambishi cha mwanzo kinasema kimoja, upatanisho unasema kingine, kwa sababu nyuma ya jina kuna "nchi", nayo ni ya ngeli ya i-/zi-.

Weka pembeni "Umoja wa Mataifa *umesema*". Hapo kichwa ni "umoja" chenyewe, kimetajwa, kwa hiyo kinatawala. *Aegyptus antiqua* na "Ufaransa ya kale" zimejengwa na fundi mmoja.

#14 Bi_Sarufi
Nahau, hili ni zuri mno, nimelisoma mara tatu.

#15 Fundi_Maneno
Zuri ndiyo, lakini kuna maelezo mepesi zaidi. Majina ya kigeni yakiingia Kiswahili yanatupwa ngeli ya i-/zi- bila hata kuulizwa: redio imeharibika, baiskeli imepotea. Marekani *imesema* kwa sababu hiyohiyo. Huhitaji "nchi" yoyote iliyofichika.

#16 Nahau
Redio haina U- ya kuacha, mkuu. Ufaransa inayo na inaiacha. Hapo ndipo penye hoja.

#17 Msafiri_Kimya
Samahani kwa kuchepusha. Marekani kwa Kilatini ni nini? Niliona mahali *Civitates Foederatae Americae*, mahali pengine *Status Uniti*. Zipi ni sahihi?

#18 Frateri_Mstaafu
Zote zimetumika. Ya kwanza ndiyo imezoeleka zaidi. *Civitates* ni wingi wa *civitas*, ya kike, kwa hiyo kitenzi kinakwenda kwenye wingi, na jenitivu, yaani umbo la umilikaji ("ya fulani"), inakuwa *Civitatum Foederatarum Americae*. Kila neno linabadilika isipokuwa *Americae*, maana hilo limeshakaa kwenye jenitivu yake tangu mwanzo. Anayeanza akilinyambua jina hili lote bila kukosea ameshavuka nusu ya kitabu.

*Status* nayo ni mtego wa aina yake: ina -us, lakini ni ya kundi la nne la unyambuaji wa majina, na wingi wake unaandikwa vilevile *status*.

#19 Fundi_Maneno
Ongezeni na Kodivaa. Kilatini wanaandika *Litus Eburneum*, pwani ya pembe za ndovu. *Litus* inaishia na -us lakini ni ya jinsi ya tatu, jenitivu *litoris*. Ukiwa nchini humo uko *in Litore Eburneo*.

Sasa pangeni: Aegyptus ya kike, Pontus ya kiume, Litus ya tatu. Viishio vinafanana, jinsia tatu. Mchokonozi, kanuni yako ya #1 irudishe dukani.

#20 Mchokonozi
Nimeshairudisha, mkuu, na risiti nimeichana.

#21 Jicho_Pevu
Nami nina la kuongeza. Austria na Australia ni ndugu, zote zinatoka kwenye *auster*, upepo wa kusini.

#22 Mtunza_Sarafu
Australia ndiyo, kupitia *terra australis*, ardhi ya kusini. Frateri, *terra* yako hiyo, inaonekana kwa macho. Austria hapana. Hiyo ni neno la Kijerumani lililovalishwa kanzu ya Kilatini: Ostarrîchi, limeandikwa kwenye hati ya mwaka 996, na sehemu yake ya kwanza ni "mashariki". Kusini haimo kabisa.

#23 Jicho_Pevu
Asante kwa kunisahihisha. Miaka yote nimekuwa nikiwafundisha wengine hivyo, nitawarudia.

#24 Dereva_wa_Usiku
Kwenye uzi huu ndipo nimeelewa jambo lililonisumbua muda mrefu. Magari yenye herufi CH nilidhani ni ya China. Kumbe Uswisi?

#25 Bi_Sarufi
*Confoederatio Helvetica*, Shirikisho la Kihelveti. Uswisi ina lugha nne za taifa: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Ukiandika jina la nchi kwa mojawapo, tatu zinanuna. Kilatini hakina mwenyewe wa kununa. Ndiyo maana stempu zao zina neno moja tu, HELVETIA, na hata anwani zao za intaneti zinaishia na .ch. Wahelveti walikuwa kabila Kaisari alilopigana nalo.

China yenyewe kwa Kilatini inafuata njia nyingine. *Sinae* ni jina la watu, la wingi, na jamhuri yao inaitwa *Res Publica Popularis Sinarum*. Hapo nchi imetajwa kwa kuwataja wenyewe.

#26 Msafiri_Kimya
Je, Ureno ni Lusitania? Naona watu wanaibadilisha hivyo moja kwa moja.

#27 Mtunza_Sarafu
Hapana, na hapa huwa nakosa subira. Mpaka wa kaskazini wa jimbo la Lusitania ulikuwa mto Douro. Mji mkuu wake ulikuwa Emerita Augusta, leo Mérida, ambao uko Hispania! Na jina la Ureno ya leo limetokana na *Portus Cale*, bandari ya kwenye mdomo wa huohuo Douro. Nchi imechukua jina kutoka mpakani mwa Lusitania, halafu washairi wakaipa Lusitania yote. Mimi naandika *Portugallia* na roho yangu inatulia.

Ndivyo ilivyo kwa Gallia na Ufaransa. Gallia ya Warumi ilifika Ubelgiji, na upande wa pili wa Alpi ilishika kaskazini ya Italia. Scotia nayo, zamani ilikuwa jina la Ireland kabla haijahamia Uskoti. Majina haya yanatembea.

#28 Frateri_Mstaafu
Unamlaumu mshairi bure. *Lusitania* inakaa vizuri kwenye shairi.

#29 Tausi
Habari zenu. Mimi nataka kujua sisi. Kenya na Tanzania zinanyambulikaje?

#30 Daktari_Miti
Tanzania haina kazi: *Tanzania, Tanzaniae*, inakaa kama Italia. Kenya ningeandika *Kenia*, na siitungi hewani: wataalamu wa mimea na wanyama wa Mlima Kenya wamekuwa wakiandika *keniensis*, kwa i.

#31 Fundi_Maneno
Ila K na Z si herufi za kawaida za Kirumi. Z ilikuja na maneno ya Kigiriki, K ilibaki kwenye maneno machache kama *Kalendae*.

#32 Bi_Sarufi
Na sikilizeni mkazo. Sisi tunasema Tanza-NI-a, silabi ya pili kutoka mwisho, kama kila neno letu. Kilatini -ia ina i fupi, kwa hiyo mkazo unaruka nyuma: Tan-ZA-ni-a. Jina lina umbo la Kilatini na mapigo ya Kiswahili. Nikilitamka kwa mkazo wa Kilatini nasikia kama namwita mtoto wa jirani aliyebeba jina la wangu.

#33 Tausi
Na mtu wa Tanzania? *Tanzaniensis* au *Tanzanus*?

#34 Frateri_Mstaafu
Swali zuri kuliko unavyodhani. Warumi walitofautisha *Hispanus* na *Hispaniensis*. Wa kwanza ni mzaliwa wa Hispania, damu ya huko. Wa pili ni aliyeko huko au anayehusiana nako: jeshi la Kirumi lililokaa Hispania ni *exercitus Hispaniensis*, hata kama askari wote wametoka Italia. Wa Sicilia vilevile, *Siculus* na *Siciliensis*. Kwa mizani hiyo, mgeni aliyehamia jana ni *Tanzaniensis*, mzaliwa atafutiwe neno fupi.

#35 Daktari_Miti
Kwenye majina ya viumbe tofauti hiyo haizingatiwi, -ensis inabandikwa kwa yeyote. Nisingemnyima mzaliwa neno *Tanzaniensis* kwa sababu ya Wahispania.

#36 Msafiri_Kimya
Swali la mwisho, naahidi. "Niko Italia" ni *in Italia*. Lakini "niko Roma" ni *Romae*, bila *in*. Nchi ambayo ni mji, kama Singapore?

#37 Frateri_Mstaafu
Miji na visiwa vidogo havitumii kihusishi: *Romae* niko Roma, *Romam* naenda Roma. Nchi na visiwa vikubwa vinakitaka: *in Sicilia*, *in Britanniam*. Kwa hiyo Saiprasi, ingawa leo ni dola kamili, unasema *Cypri*. Malta: *Melitae*. Singapore naiweka upande wa miji, *Singapurae*.

Na Aegyptus, kama kawaida yake, imevuka mstari: Kaisari aliandika kwamba hasimu wake Pompeo anaelekea *Aegyptum*, bila *in*, kana kwamba Misri ni mji.

#38 Fundi_Maneno
Singapore ina serikali, jeshi na kiti Umoja wa Mataifa. *In Singapura*. Dola haipimwi kwa rula.

#39 Frateri_Mstaafu
Saiprasi nayo ina kiti, na bado ni *Cypri*.

#40 Nahau
Narudi kwenye #15, nimelala na hoja ya Fundi na sikupata usingizi mzuri. Jambo la kwanza ni la Kigiriki. Kwenye Odisea, utenzi wa kale wa Kigiriki, Aigyptos inatumika kwa vitu viwili. Ikiwa ni mto, yaani Nili, ni ya kiume. Ikiwa ni nchi, ni ya kike. Neno ni lilelile na kiishio ni kilekile. Kinachobadili jinsia ni kile msemaji anachokifikiria.

La pili ni letu. Kongo *imefuzu* fainali. Kongo *umefurika*. Mnasikia? Ya kwanza ni nchi, ya pili ni mto, na sijatamka "nchi" wala "mto". Kama majina ya kigeni yangekuwa yanatupwa i-/zi- bila kuulizwa, huo *u-* wa mafuriko umetoka wapi?

#41 Fundi_Maneno
Hapo umenigusa. Lakini wengi wataanza na "Mto Kongo umefurika", kisha wanaacha "Mto" kwa sababu wameshautaja. Nionyeshe sentensi ya kwanza kabisa ya mazungumzo isiyo na "mto".

#42 Dereva_wa_Usiku
Mimi nasema "Kongo umefurika" hata nikiamka usingizini.

#43 Bi_Sarufi
Mimi pia, nadhani. Nimejaribu kujisikiliza tangu asubuhi na sasa sijiamini tena.

#44 Mchokonozi
Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Nimejaribu kuitafsiri Kongo ya Nahau nikakwama. Nchi niiandike *Congo magna* na mto *Congo magnus*? Na hiyo -o: niinyambue *Congonis* kama *leo, leonis*, au niiache bila kubadilika kama *Bethlehem*?

#45 Frateri_Mstaafu
*Magna* na *magnus*, ndiyo, bila wasiwasi. Kuhusu *Congonis* niache nikatafute kamusi yangu kwanza, iko chini ya sanduku.